Mkutano wa Tabora wa 1958: hoja ya Mwalimu ilikubalikaje?

Mwanafunzi wa Iringa anauliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu nawasalimu. Niko mwaka wa kwanza chuo kikuu, na katika somo la stadi za mawasiliano tumepewa kazi ya kuonyesha, kwa tukio moja la kweli, jinsi msemaji, hadhira, kusudi na muktadha vinavyoiumba hoja ya kushawishi. Tukio nililochagua ni Mkutano Mkuu wa TANU uliofanyika Tabora mwezi wa Januari 1958, ambapo Mwalimu Nyerere aliwaomba wajumbe wakubali chama kiingie katika uchaguzi wa kura tatu, na mkutano ambao ulianza kwa upinzani mkali ukaishia kwa kukubali. Uamuzi huo ndio uliokuja kuitwa Uamuzi wa Busara.

Kwa faida ya asiyeifahamu habari hii, sheria ya uchaguzi ule ilimlazimu kila mpiga kura kuchagua watu watatu kwa pamoja, yaani Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na karatasi isiyokuwa na alama zote tatu ilihesabiwa kuwa imeharibika. Haki yenyewe ya kupiga kura ilikuwa na masharti ya kipato, elimu au wadhifa, hivyo Waafrika wengi hawakuipata. Isitoshe, TANU ya wakati huo ilikuwa chama cha Waafrika peke yao. Kwa hiyo kushiriki kulikuwa na maana ya kuwaombea kura watu ambao chama chenyewe hakingeweza kuwapa kadi.

Nina maswali matatu. La kwanza, vitabu ninavyosoma vinayaeleza mambo haya manne moja baada ya jingine, lakini nikirudi Tabora siwezi kuyatenganisha, kwa sababu kila nikianza kueleza hadhira najikuta nimeshaingia katika muktadha, na nikianza na kusudi namkuta msemaji. Nianzie wapi? La pili, nitajuaje kwamba muktadha uliibadilisha hoja yenyewe, wala haukuwa tu mahali na wakati ambapo hoja ilitolewa? La tatu ndilo linaloninyima usingizi: Mwalimu huyo huyo alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, lililosimamia nchi za udhamini kama Tanganyika, mwaka 1955, na sauti niliyoikuta huko ni tofauti kabisa na hii ya Tabora. Je, kubadili hoja kwa kufuata wasikilizaji ni ustadi, au ni undumilakuwili?

Mstaafu wa Ubao anajibu:

Marahaba mwanangu. Nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na tukio hili nimelisomesha mara nyingi, kwa hiyo uniwie radhi nikirefusha.

Usianze na lolote kati ya hayo manne. Anza kwa kujiuliza ni jambo gani hasa lililokuwa likibishaniwa ukumbini. Wengi hudhani ubishi wa Tabora ulikuwa juu ya ubaya au uzuri wa kura tatu, na hapo ndipo insha zao zinapopotea, kwa sababu juu ya jambo hilo hapakuwa na ubishi wowote. Wajumbe waliona kura tatu ni dhuluma, na Mwalimu aliona hivyo hivyo. Msemaji ambaye angesimama kuwathibitishia kwamba sheria ile ilikuwa mbaya angepigiwa makofi na kuwaacha pale pale alipowakuta. Na ambaye angethubutu kuitetea asingemaliza sentensi ya pili. Hoja yenye kushawishi ilibidi iguse mahali pengine ambapo wajumbe walikuwa bado hawajakata shauri.

Aristotle, katika mafundisho yake ya balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, alitenganisha hotuba ya mahakamani, inayohukumu yaliyotendeka, na hotuba ya barazani, inayoshauri juu ya yatakayotendwa. Mgawanyo huo wa zamani unaisaidia sana Tabora. Wajumbe wengi waliingia ukumbini wakiwa mahakimu: sheria imeletwa, sheria ni mbovu, tuikatae. Kazi kubwa ya Mwalimu ilikuwa kuwavua uhakimu huo na kuwakalisha kama watu wanaoshauriana, na alifanya hivyo kwa kubadili swali lililokuwa mezani. Badala ya kuuliza kama sheria ni ya haki, aliwaelekeza kwenye swali la nani atakayekalia viti iwapo TANU itasusia.

Swali hilo jipya ndilo linalojibu lile lako la pili. Mwaka 1956 kilikuwa kimeundwa chama cha UTP (United Tanganyika Party) kwa baraka za Gavana Twining, chama kilichohubiri siasa ya uwakilishi wa rangi zote na kilichokuwa tayari kuingia uchaguzini kwa masharti yale yale. TANU ikisusia, UTP wanaingia Baraza la Kutunga Sheria bila jasho, na kuanzia hapo Serikali inaweza kuuambia ulimwengu kwamba hawa ndio wawakilishi waliochaguliwa wa Tanganyika. Sasa fanya jaribio dogo: iondoe UTP katika picha, uone kama hoja bado inasimama. Haisimami. Bila mshindani, kususia kungeacha ukumbi mtupu, na ukumbi mtupu ungekuwa aibu ya Serikali wala si hasara ya TANU. Kwa hiyo kuwepo kwa UTP ni nguzo ya hoja yenyewe. Kila jambo la muktadha ulipime hivyo: likiondolewa na hoja ikaendelea kusimama, basi hilo lilikuwa mandhari tu, na katika insha linastahili nusu sentensi.

Kuhusu msemaji, wanafunzi hupenda kuandika kwamba Mwalimu alikuwa na kipaji cha kuongea na shahada ya Edinburgh. Ni kweli, lakini hayo hayaelezi kwa nini wajumbe wa Januari 1958 walimwamini alipowaomba jambo chungu. Tazama miezi iliyotangulia. Mwaka 1957 Serikali ilimpiga marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara kwa muda. Mwaka huo huo aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na mwezi wa Desemba akajiuzulu kwa sababu mapendekezo aliyoyapeleka yalipuuzwa. Maana yake ni kwamba alifika Tabora akiwa ameachia kiti wiki chache tu nyuma. Maneno yale yale ya kushauri ushiriki yangetoka kinywani mwa mtu ambaye bado anakalia kiti cha kuteuliwa na Gavana, yangenuka. Yeye alikuwa ameshalipa kabla ya kufungua mdomo.

Na hadhira? Kumbuka kwamba wajumbe hawakuwa kituo cha mwisho. Kila mmoja alitoka kwenye tawi, na kila mmoja alijua kwamba atarudi kuulizwa na wanachama kwa nini wamekubali kupigia kura rangi tatu. Mtu wa namna hiyo hatoshelezwi na hoja ya kumridhisha yeye. Anahitaji hoja anayoweza kuibeba mpaka nyumbani na kuitua mbele ya wengine ikiwa nzima. Mfano unaosimuliwa sana kuhusu siku ile ni wa mtu mwenye shamba zuri lililo ng'ambo ya tope, naye amevaa nguo nyeupe: ama abaki upande huu na weupe wa nguo zake, ama avuke achafuke na kuvuna. Uangalie mfano huo kwa makini. Haukatai kwamba lile ni tope. Unaanza kwa kumkubalia mpinzani kila anachokisema juu ya uchafu wa jambo lenyewe, halafu unamuuliza anataka nini zaidi, mavuno au nguo safi. Tena unabebeka: mjumbe anaweza kuusimulia kituo cha treni, kilabuni au msikitini pasipo karatasi.

Mbishi wa Morogoro anajibu:

Kwa heshima zote, Mzee wangu, nakubali uchambuzi wa swali lililobadilishwa, lakini naogopa kwamba unamfundisha kijana kusoma tukio kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Sisi tunajua yaliyofuata. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda kwa kishindo, UTP ikasambaratika, na Desemba 1961 bendera ikapanda. Ndipo uamuzi ukapewa jina la busara. Jina hilo ni hukumu iliyotolewa na matokeo, wala halituambii kwamba hoja ilikuwa bora siku ilipotolewa. Mjumbe aliyeketi Tabora hakuwa na njia ya kujua kama Waasia na Wazungu watakaoungwa mkono na TANU wangebaki waaminifu wakishaingia Barazani. Ilitokea kwamba watu kama Amir Jamal, Sophia Mustafa na Derek Bryceson walisimama upande wa TANU. Ingetokea vingine, leo tungekuwa tunasoma juu ya Kosa la Tabora, na wachambuzi wale wale wangekuwa wanaeleza jinsi mfano wa tope ulivyowalaghai wajumbe.

Kwa hiyo, mdogo wangu, umpe Zuberi Mtemvu, aliyepinga TANU kuingia uchaguzini, nafasi yake katika insha, na usimpitishe kwa sentensi moja ya kwamba alikuwa na msimamo mkali. Alikuwa na hadhira ile ile na muktadha ule ule, lakini kusudi lake lilikuwa jingine. Kwake yeye, ukishakubali kupiga kura kwa rangi umeshatia sahihi kwamba rangi ndiyo msingi wa uwakilishi, na sahihi haifutiki kwa sababu ulitia ukiwa umekunja uso. Hiyo ni hoja nzito. Alitoka TANU akaunda African National Congress, na katika uchaguzi wa rais wa 1962 alipata kura zipatazo elfu ishirini na moja dhidi ya zaidi ya milioni moja za Nyerere. Watu hawakumfuata, lakini kukosa wafuasi ni jambo moja na kukosa hoja ni jambo jingine, na somo lako linakutaka uyatofautishe hayo mawili. Ukiweza kueleza kwa nini hoja nzito haikufua dafu mbele ya hadhira iliyokuwa na kila sababu ya kuipenda, utakuwa umeandika kitu.

Jambo jingine ni hilo neno «hadhira», ambalo mnalitumia kana kwamba ukumbi mzima ulikuwa mtu mmoja. Walikuwamo walioshawishika kweli. Walikuwamo ambao hawakushawishika lakini hawakutaka kumwangusha rais wa chama mbele ya Serikali iliyokuwa ikitamani TANU igawanyike. Walikuwamo walionyamaza, na wakawamo walioondoka. Mkono ulioinuliwa hauonyeshi ni hoja gani iliyouinua. Mkutano wa siku kadhaa, tena wa watu waliosafiri mbali na kulala mji mmoja, hauamuliwi na hotuba peke yake. Mengi huamuliwa nje ya ukumbi, na huko hakuna mwandishi wa kumbukumbu.

Mwanafunzi wa Iringa anaandika:

Nawashukuru sana. Jaribio la kuondoa jambo moja moja la muktadha nitalitumia, na Mtemvu nitampa aya yake kamili. Nadhani hoja yake ilishindwa kwa sababu iliwapa wajumbe jambo la kukataa pasipo kuwaambia wafanye nini siku ya uchaguzi. Kama nimekosea Ndugu Mbishi atanisahihisha.

Lakini bado sijajibiwa kuhusu New York. Mbele ya Baraza la Udhamini Mwalimu alisisitiza kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika kwanza. Miaka mitatu baadaye anawaomba Waafrika wawapigie kura Wazungu na Waasia. Mwenzangu tunayesoma naye anasema huu ni mfano wa wazi wa mtu anayeiambia kila hadhira inachotaka kusikia.

Mkalimani wa Pwani anajibu:

Mimi kazi yangu ni ukalimani wa mikutano, na mwenye kazi hii hulazimika kuyasikia maneno ya msemaji kwa masikio ya mtu mwingine. Naomba nichangie kwa upande huo.

Mwenzako amesoma hotuba mbili bila kutazama nani aliyekuwa ameketi mbele. Mwalimu alizungumza New York tarehe 7 Machi 1955. Baraza la Udhamini lilipangwa hivi: nusu ya viti ni vya mataifa yenye makoloni ya udhamini, na nusu ni vya mataifa yasiyo nayo. Kwa hiyo Uingereza, ambayo ndiyo iliyokuwa ikilalamikiwa, ilikuwa ndani ya hadhira. Ubelgiji, iliyokuwa na Ruanda-Urundi, ilikuwemo. Na Ufaransa pia, iliyokuwa na Togo na Kamerun. Kijana wa miaka thelathini na miwili, mwalimu wa shule ya Pugu, mwenye chama kisichotimiza hata mwaka, angesimama pale kuushambulia ukoloni kwa ujumla wake, angekuwa amewaunganisha wenye makoloni wote nyuma ya Uingereza kwa dakika chache.

Alichofanya ni kushika karatasi ambayo Baraza lenyewe lilikuwa nayo mezani. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea Tanganyika mwaka 1954 ulikuwa umependekeza kwamba nchi inaweza kujitawala ndani ya miaka ishirini mpaka ishirini na mitano, na Serikali ya Uingereza haikutaka kusikia habari ya kuwekewa tarehe. Mwalimu aliegemea pendekezo hilo, akaomba ithibitishwe kwamba Tanganyika, ijapokuwa ina watu wa asili mbalimbali, kimsingi ni nchi ya Waafrika, na papo hapo akawaondolea hofu wale wachache wasio Waafrika kwamba nafasi yao ingekuwepo. Hakuna mfano wa tope hapo, wala hakuna lugha ya kupandisha hasira. Alizungumza kama mdai anayekumbusha ahadi iliyoandikwa na mdaiwa mwenyewe, kwa sababu mbele ya hadhira ya wanadiplomasia na wanasheria ushahidi wenye uzito ni ule uliotoka katika nyaraka zao.

Tazama pia kwamba hadhira ya New York haikuwa New York tu. Nyumbani walikuwepo wanachama waliochanga fedha ili asafiri, ambao walikuwa wakimsubiri arudi awaeleze alichosema. Msemaji aliye katika hali hiyo ana masikio mawili ya kuyajibu kwa kinywa kimoja, na hapo ndipo kipimo cha undumilakuwili kinapopatikana. Kipimo changu ni hiki: je, maneno aliyoiambia hadhira ya kwanza yangesomwa kwa sauti mbele ya hadhira ya pili, naye akiwa ameketi hapo hapo, angeweza kutulia kitini? Wasomee wajumbe wa Tabora hotuba ya New York, watapiga makofi. Lisomee Baraza la Udhamini hoja ya Tabora. Litaona chama kinachokubali kuwaunga mkono wagombea wasio Waafrika, jambo linalokubaliana na kile kile alichowaahidi mwaka 1955 kuhusu wachache. Kilichobadilika ni ushahidi, mifano, mpangilio na ukali wa sauti. Dai lilikuwa moja: watu wengi wa nchi ndio wenye kuamua, na wachache wana mahali pao.

Undumilakuwili huanza pale ambapo hotuba inafanya kazi kwa sharti kwamba wengine wasiisikie. Mgombea anayewaahidi wakulima kwamba ardhi yao haitaguswa, kisha jioni akawaahidi wawekezaji ekari hizo hizo, anategemea ukuta kati ya hadhira mbili. Siku hizi, kila mtu akiwa na simu ya kurekodi, ukuta huo umekuwa mwembamba sana, na ndiyo maana tunawaona wengi wakilazimika kueleza kwamba «walinukuliwa vibaya».

Mwana Ujiji anajibu:

Salaam. Sikusoma balagha, ila nina mfano wa karibu unaofanana sana na lile la Mzee kuhusu kutafuta kinachobishaniwa, na unaweza kumfaa mwanafunzi kwa kulinganisha.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Kabla ya tarehe hiyo palikuwa na mikutano mingi kwenye mialo, na mimi nilihudhuria uliofanyika kwenye mwalo wetu. Mtaalamu mmoja alitueleza kwa muda mrefu jinsi dagaa na migebuka wanavyozaliana, wanataga lini, na kwa nini nyavu zenye macho madogo zinamaliza mazalia. Alieleza vizuri na kwa adabu. Watu walimsikiliza wakiwa wamekunja mikono, kwa kuwa hakuna mvuvi wa Ujiji asiyejua kwamba samaki wamepungua; wazee wetu ndio wanaosimulia kila siku jinsi vipe, yaani vyombo vyetu vya uvuvi, vilivyokuwa vikirudi vimejaa. Alithibitisha kwa nguvu zake zote jambo ambalo hakuna aliyelibisha.

Maswali yalipofunguliwa ndipo ubishi wa kweli ukajitokeza, nao ulikuwa juu ya mambo mawili. La kwanza: sisi tukifunga, je, wenzetu wa ng'ambo watafunga kweli, au tutakaa nchi kavu tukitazama taa zao usiku? La pili: mwenye mkopo ataulipaje, na vijana wa kwenye chombo watakula nini kwa muda wote huo?

Aliyeubadili mkutano ni mmiliki mmoja wa vipe, mtu mzima, ambaye hakutamka hata neno moja juu ya mazalia. Alisema kwamba vyombo vyake atavipandisha nchi kavu siku moja kabla ya tarehe, na anayetaka aje ashuhudie. Alisema habari za ng'ambo anazipata kwa jamaa zake walio upande wa Burundi na Kongo, na kwamba huko nako wameshatangaziwa. Kuhusu vijana wake akaeleza wazi nani atakwenda shambani kwake na nani atabaki kukarabati vyombo na nyavu, naye atawapa posho ya chakula. Hapo watu wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe watafanyaje, na mazungumzo ya kama tufunge au tusifunge yakawa yamekwisha bila kutangazwa kwamba yamekwisha.

Maneno ya yule mzee yangesemwa na mtaalamu yasingefaa kitu, kwa kuwa mtaalamu hana chombo cha kukipandisha nchi kavu. Na maelezo ya mtaalamu yangetolewa na mzee, tungemwuliza tangu lini amekuwa mwalimu wa samaki. Sijui vitabu vyenu vinaliitaje jambo hili, ila kwetu tunatazama nani anapoteza nini akisema anachosema.

Mstaafu wa Ubao anajibu:

Mwana Ujiji ametufundisha sote, na Mkalimani nakubaliana naye kabisa. Ndugu Mbishi nampa haki yake katika jambo moja: matokeo ya uchaguzi yasitumike kuthibitisha ubora wa hoja. Lakini siafiki kwamba tusubiri kumbukumbu za mazungumzo ya usiku ndipo tuichambue hotuba. Hata waliozungumza vitandani walikuwa wakizungumza juu ya swali ambalo hotuba ilikuwa imeliweka mezani.

Mwanangu, sentensi yako kuhusu Mtemvu, kwamba aliwapa wajumbe jambo la kukataa pasipo kuwapa la kufanya, ndiyo ninayoitafuta katika insha nzima. Ipeleke mwanzo. Sema kwamba wajumbe walihitaji kujua watafanya nini siku ya uchaguzi, kisha ueleze hitaji hilo lilitoka wapi (sheria, masharti ya wapiga kura, UTP), lilimkuta nani (wajumbe watakaorudi matawini kuulizwa), na kwa nini jibu lilikubalika kutoka kwa mtu yule hasa, aliyejiuzulu Desemba. Ukiandika hivyo hutahitaji vichwa vidogo vinne, na msahihishaji atayakuta mambo yote manne yakifanya kazi ndani ya aya moja. New York iweke baadaye, kwa kifupi, kama kipimo cha kulinganisha; isimeze insha.

Na ukimaliza rasimu, itume humu tuisome kabla hujaikabidhi. Ndugu Mbishi ndiye aanze, maana akishaipitisha yeye hakuna mhadhiri atakayekusumbua.